Ndege Ikipiga Hodi, Ng'ombe Wapishe

Habari za msiba zilinikuta kwa kinyozi wangu pale Mirongo, upande mmoja wa kichwa ukiwa umenyolewa na mwingine bado. Aliyepiga simu alikuwa binti wa marehemu, mama wa makamo ambaye siku zote humtania baba yake kwa kumwita "mzee wa uwanja". Safari hii hakumwita hivyo. Alisema tu, "Baba ametutoka alfajiri. Tunamzika Alhamisi, nyumbani. Usikose, maana alikuwa anakutaja." Nikampa pole, nikakata simu, taulo bado shingoni, na kinyozi akauliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee, msibani hakuendwi na nusu ya kichwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wanamkumbuka mtu huyu. Niliwahi kumwandika mara moja katika safu hii bila kumtaja jina, naye akaninunia kwa muda mrefu, si kwa sababu nilikosea, bali kwa sababu niliandika habari za ndege nyingi na habari za ng'ombe wake kidogo. Leo nitajitahidi kuwapa ng'ombe nafasi yao.

Mtu wa Mwanza ukimtajia uwanja wa ndege, mawazo yake yanakimbilia ule mkubwa wa jijini, wenye lami na vijana wanaokupokonya begi ili wakutafutie teksi. Huu ninaousemea hauna hayo. Uko ng'ambo ya ghuba, ndani kabisa upande wa Sengerema, mahali ambapo ziwa unaliona kwa vipande katikati ya mawe. Ni ukanda wa changarawe na majani mafupi, mlingoti wenye mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka, na kibanda cha bati ambamo abiria hujikinga mvua pamoja na mbuzi. Wazee wanasimulia kwamba ulianzishwa kwa ajili ya ndege ya madaktari wa misheni waliokuwa wakizungukia vijiji vya kandokando ya ziwa. Wanakijiji waling'oa visiki kwa maksai, wakasambaza changarawe, na kwa kuwa hapakuwa na mtambo wa kushindilia, wakaleta ng'ombe. Makundi yaliswagwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka ardhi ikakaza. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la baba yake marehemu, na yeye mwenyewe, kwa madai yake, alikuwa nyuma ya mikia na fimbo mkononi. Baadaye wakaja maofisa wa pamba, wakaja watafuta dhahabu, yakaja masanduku ya kura na makasha ya chanjo, na siku hizi huja watalii wanaoelekea visiwani na madaktari wa macho. Wote wametua juu ya kazi ya kwato.

Nilipofika pale mara ya kwanza, kalamu mfukoni na viatu vya mjini miguuni, nilimkuta amesimama pembeni mwa uwanja, mtu mrefu, mnene wa sauti, koti zito mwilini ingawa jua lilikuwa kali. Ng'ombe walikuwa wanakula katikati ya uwanja bila wasiwasi wowote. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuazima, "Mwadila, bhabha." Akaitikia huku akivitazama viatu vyangu. Nikamuuliza, kwa ule ujasiri wa mtu aliyetumwa na mhariri, inakuwaje ng'ombe walishwe kwenye uwanja wa ndege.

"Ndege yako iko wapi?" akaniuliza.

"Sina ndege, mzee."

"Sasa kinachokuuma ni nini? Sikiliza, ng'wana wane, mwanangu. Hapa ng'ombe ndio wenyeji, ndege ni mgeni. Mgeni akipiga hodi tunampisha. Umewahi kusikia popote kwamba tumemkatalia?"

Nilidhani ananitania, kumbe alikuwa ananieleza utaratibu wa kazi. Rubani anayekuja pale hushuka kwanza chini chini, hupita juu ya uwanja mara moja bila kutua, kisha huzunguka kuelekea ziwani. Hiyo ndiyo hodi. Kila anayeisikia huacha alilonalo mkononi, awe analima, anafua au anakunywa pombe, na kukimbilia uwanjani kuswaga ng'ombe, wawe wake au wa jirani. Ndege ikirudi kutoka ziwani, uwanja mweupe. Utaratibu huu haukuandikwa popote, na wakubwa waliotembelea hapo hawakuupenda. Kuna wakati waliamuru ng'ombe wasikanyage tena, wakazungusha uzio wa miti na kuleta mashine ya kukata majani. Mashine iliharibika msimu wa kwanza wa mvua na haikupata wa kuitengeneza. Miti ya uzio iliondoka mmoja mmoja, na mimi nisingependa kujua ilipikia nini. Majani yakapanda kufika magotini, yakaficha mashimo ya panya na vichuguu, rubani mmoja akanusurika kuvunja gurudumu, akateremka akiwa amekasirika sana. Ng'ombe wakarudishwa kimyakimya. Marehemu alinisimulia hayo akicheka mpaka koti likamtikisika, na nakiri kwamba nilicheka naye, maana ng'ombe hukata majani bure na tena huacha mbolea.

Lakini hakuwa mtu wa kucheka tu. Jambo lililomfanya awe yule mzee tuliyemjua, mkali, asiyetaka mzaha na uwanja ule, alinisimulia miaka mingi baada ya kununiana na kupatana, tumekaa kwenye kibanda cha bati tukisubiri mvua ipite. Binti yake, huyu huyu aliyenipigia simu kwa kinyozi, alikuwa na mimba ya kwanza na uchungu ulimkalia vibaya. Mganga wa zahanati akaomba ndege kwa redio, na jibu likaja kwamba inaondoka Mwanza. Wakambeba binti kwa machela, wakamlaza ndani ya kibanda. Baba mtu alikuwepo. Ng'ombe wake walikuwa uwanjani wanakula, naye amesimama na fimbo, tayari. Anasubiri hodi. Hivyo ndivyo walivyofanya siku zote, na ng'ombe aliyetulia kwenye majani hasumbuliwi kabla ya wakati, kwa sababu ukimtoa mapema atarudi tu kabla mgeni hajafika.

Ndege ikaja. Rubani alikuwa mgeni wa maeneo yale, hakuna aliyemweleza habari za hodi. Alizunguka kwa mbali, juu, akaona uwanja umejaa ng'ombe, akafanya ambalo rubani yeyote mwenye akili angelifanya: akageuza, akarudi Mwanza. "Niliitazama ikienda," mzee aliniambia. "Nikasema inazunguka ziwani, itarudi. Nikawatoa ng'ombe wote, nikasimama. Haikurudi." Mpaka ujumbe ufike na kueleweka, wingu la alasiri lilikuwa limeshafunika ziwa na hakuna ndege ambayo ingeweza kuruka. Wakampakia binti kwenye gari la mtu, wakapita kwenye tope la bondeni kwa kusukumana, wakafika kwenye kivuko na kukuta foleni. Binti alipona. Mtoto hakupona. Mzee akaongeza, kwa sauti ya chini nisiyoizoea kwake, "Si ndege iliyokosa, wala si rubani. Ng'ombe walikuwa wangu na fimbo nilikuwa nayo mkononi."

Tangu siku hiyo hakusubiri hodi tena. Simu za mkononi zilipofika, alihakikisha zahanati ina namba yake, na habari ya ndege ikishafika tu, hata kama bado iko Mwanza inatiwa mafuta, yeye alikuwa uwanjani. Aliwatoa ng'ombe wake, akawatoa wa wenzake, akawatoa mbuzi, akawafukuza wanafunzi waliokuwa wanafupisha njia, kisha akasimama chini ya mlingoti na kuinua fimbo juu kwa mikono miwili mpaka ndege iguse ardhi. Marubani walimzoea. Mmoja aliwahi kuniambia kwamba akiiona ile fimbo juu, moyo wake hutulia kuliko akiona taa za uwanja mkubwa. Hakulipwa kwa kazi hiyo, na nilipomuuliza kama amewahi kuomba alipwe, aliniuliza kama mimi huwa nalipwa nikimfungulia mgeni mlango. Hodi nayo haikufutwa. Ilibaki kwa ajili ya marubani wanaoijua na kwa dharura zisizotanguliwa na simu, na mtu aliyeisikia akazembea alikuwa na kesi kwa mzee.

Mambo yalianza kubadilika daraja la kuvuka ghuba lilipofunguliwa. Sote tulilifurahia, na mimi wa kwanza, maana nimekula jua na vumbi la foleni ya kivuko kiasi cha kunitosha. Lakini daraja lilikuja na swali ambalo sikulitarajia: sasa kile kiwanja cha nyasi ni cha nini? Ardhi ya upande ule ilianza kutafutwa. Watu walitaka kujenga maduka, nyumba za wageni, kituo cha mafuta, na eneo tambarare kuliko yote, lisilo na jiwe wala kisiki, mnajua lilikuwa lipi. Aliyeongoza hoja ya kuligawa alikuwa mtoto mkubwa wa marehemu mwenyewe, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi huku Nyamagana, mtu mstaarabu ambaye sina neno baya juu yake. Hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu. Ndege zimepungua, alisema, mgonjwa akipakiwa kwenye gari anavuka maji kabla hajamaliza kusema baba yetu uliye mbinguni, na vijana wa kijiji wanahitaji mahali pa kuanzia maisha. Zaidi ya hayo, ardhi ile kabla ya kuwa uwanja ilikuwa malisho ya babu yake. Ikigawiwa, ukoo wao ndio ungepata fungu kubwa.

Nilikuwepo kwenye mkutano wa kijiji ambapo baba na mtoto walikabiliana, na nimehudhuria vikao vingi vya wakubwa ambavyo havikuwa na adabu kama ile. Mtoto alisimama, akamwamkia baba yake shikamoo mbele ya watu wote, ndipo akampinga. Mzee akaitikia marahaba, ndipo akamjibu.

"Daraja ni zuri," alisema. "Mimi mwenyewe nimepita juu yake, nikashuka kwenye gari nikalitazama. Halina kosa. Lakini kati yetu na daraja kuna bonde, na bonde halijasikia kwamba daraja limejengwa."

Watu wakacheka, kwa sababu kila mmoja alilijua. Ni mbuga ya udongo mweusi iliyo kati ya kijiji na barabara kuu. Kiangazi unaipita hata na baiskeli, masika inameza lori.

"Baba, bonde nalo litajengwa," mtoto alisema.

"Litajengwa. Likijengwa, njoo uniulize tena. Usiache mbachao kwa msala upitao, na huo wako hata kupita bado haujapita."

Mkutano uliahirishwa bila uamuzi. Mzee aliugua figo miezi michache baadaye, akapelekwa Mwanza kwa barabara, kwa kuwa kulikuwa kiangazi na bonde lilikuwa kavu. Mtoto wake ndiye aliyemuuguza. Nilikwenda kumtazama wodini mara mbili, na mara zote mbili aliniuliza nani anaangalia uwanja. Nilijua kwamba wengi kule walikuwa wanamsubiri tu aondoke ili kikao kiitishwe upya, na nadhani naye alijua. Hilo lilinisikitisha kuliko ugonjwa wenyewe, maana ugonjwa una umri wake na yeye alikuwa mzee. Kuondoka huku ukijua kwamba kazi ya maisha yako itapimwa kwa kamba na kugawanywa vipande kabla kaburi halijakauka ni jambo gumu, hata kwa mtu mwenye sauti kubwa.

Basi Alhamisi tukampeleka. Mvua zilikuwa zimeanza wiki hiyo. Msafara uliondoka Mwanza asubuhi, gari la marehemu mbele na Coaster yetu nyuma, akina mama wakiimba. Juu ya daraja tulipita kwa raha, na mtoto mkubwa, aliyekaa karibu nami, akanionyesha maji kwa kidole na kusema taratibu kwamba angalau baba amevuka bila foleni. Nikakubali. Tukafika bondeni, na gari la marehemu likaingia kwenye tope mpaka milango ikagoma kufunguka. Tulisukuma, wote, wenye suti na wasio na suti. Halikwenda mbele, halikurudi nyuma. Mwishowe vijana wakatoka kijijini na mkokoteni wa maksai, jeneza likahamishwa, na marehemu akamaliza safari yake akivutwa na ng'ombe wake mwenyewe. Niliona watu wanamtazama mtoto mkubwa kwa pembeni. Yeye alikuwa anatazama mgongo wa maksai.

Ibada ilikuwa fupi kwa sababu ya mawingu. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba yake, ambapo uwanja unaonekana wote. Nyote mnajua msiba wa tajiri wa ng'ombe ulivyo. Wageni walikuwa wamejaa, wachungaji wote wapo kaburini, na ng'ombe, wakiwa wamekosa wa kuwachunga, walikuwa wamekwenda walikozoea. Uwanja ulikuwa umejaa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Jeneza lilishateremshwa, katekista alikuwa ameanza sala ya udongo, na mtoto mkubwa alikuwa ameinua koleo la kwanza, tuliposikia ngurumo. Ndege ndogo nyeupe ilitokea upande wa ziwa, ikashuka chini chini, ikapita juu ya uwanja na karibu juu ya vichwa vyetu, kisha ikainuka na kuzunguka kuelekea majini.

Ilikuwa imepiga hodi.

Baadaye tulijua kwamba mama mmoja alikuwa zahanati anatokwa damu baada ya kujifungua, kwamba gari lililompeleka barabara kuu lilikuwa limekutana na bonde lile lile na kurudi, na kwamba mganga, alipoomba ndege, kwa mazoea alipiga namba ya mtu aliyekuwa ndani ya jeneza, haikupokelewa. Wakati ule hatukujua lolote kati ya hayo. Tulisimama tu, tumegeuza nyuso kuelekea ziwani. Katekista alifunga kitabu katikati ya sala. Watu walitazamana, maana mila inakataa kuacha maiti kaburini bila kufunikwa, na utaratibu wa uwanja unakataa kuisikia hodi na kubaki umesimama, na aliyezoea kuamua mambo ya namna hiyo ndiye tuliyekuwa tunamzika.

Aliyesema ni binti yake. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka pembeni ya kaburi, kitenge kichwani, na hakuinuka. "Nendeni," alisema. "Baba atasubiri. Yule wa ndege hawezi kusubiri."

Mtoto mkubwa akatupa koleo. Alikuwa wa kwanza kuondoka. Niliona mtu wa suti nyeusi na tai akikimbia kwenye majani mabichi akipiga mluzi ule mrefu wa wachungaji, ambao sikujua kama bado anaujua, na nyuma yake wanaume wote, na wanawake wengi, na katekista na kitabu chake kwapani, na mimi. Niliswaga ndama mmoja kwa gazeti langu mwenyewe, na ndama huyo aliliheshimu kuliko wasomaji wengi. Ndege ilipogeuka kutoka ziwani uwanja ulikuwa mweupe. Chini ya mlingoti alisimama mtoto wa marehemu. Fimbo hakuwa nayo, kwa hiyo alikuwa amelivua koti lake la suti na kulinyanyua juu kwa mikono miwili, akalishikilia hivyo mpaka magurudumu yalipogusa.

Mama yule alipakiwa, ndege ikaruka. Tukarudi kaburini jasho likitutoka, viatu vimejaa mavi ya ng'ombe, katekista akaanza tena pale alipoishia. Koleo la kwanza lilimwagwa na yule yule aliyelitupa. Hakulia wakati wa jeneza wala wakati wa sala. Alilia hapo. Mama yule, kwa habari nilizopata juzi, anaendelea vizuri.

Nilipomwambia mtoto huyo kwamba nitaandika haya, aliniomba jambo moja. "Usiandike kwamba nimeshindwa, mjomba. Andika kwamba tumeahirisha mpaka bonde lijengwe." Nimeandika hivyo. Inawezekana siku moja bonde litajengwa kweli, barabara itapita na uwanja ule utakuwa soko au shule, na haitakuwa dhambi. Vitu huanza, hutumika, huisha. Lakini marehemu alijua jambo ambalo sisi wa mijini, tunaopima uwanja kwa urefu wa lami yake, tunalisahau upesi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliotutangulia, ila mgeni huyo hawezi kushuka kama mwenyeji ameketi. Nimejiuliza wiki nzima nini hasa tulichokuwa tunakilinda siku ile, na sidhani kama ni changarawe. Kila jamii inapaswa kuwa na sauti moja ambayo ikisikika, kila mtu anaacha alilo nalo mkononi bila kuuliza mgonjwa ni wa nani. Kijiji kile kinayo. Mwenye ng'ombe aliwafundisha, na siku ya kumfukia walimwacha kaburini hajafunikwa ili kumwonyesha kwamba wamejifunza.